Sulubu Katika Michezo ya Mtandao

Mchezo ni pumziko la kazi. Walakini katika historia ya kompyuta iko michezo ambayo kazi iliifuata furaha mpaka nyumbani kwake, ikakaa humo kama mwenyeji. Wachezaji wa Kiingereza waliiita kazi hiyo kusaga, na jina hilo linafaa. Maana hufanana sana na kusaga mtama kwa jiwe: mkono huenda na kurudi, na unga huonekana kidogo kidogo.

Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, alianza kutunga MUD, mchezo ambao watu wengi waliweza kuucheza pamoja kwa wakati mmoja. Mwenzake, Richard Bartle, aliuendeleza. Mchezaji alikusanya alama, akapanda cheo baada ya cheo, mpaka akawa mchawi mwenye uwezo uliowapita wengine. Kazi ilikuwapo, lakini ilikuwa na kikomo, na katika kikomo hicho palikuwa na heshima.

Mwaka 1999 ulitoka EverQuest huko Marekani, na wachezaji wake walilipa ada kila mwezi. Mchezo uishao upesi humpoteza mlipaji upesi. Kwa hiyo njia ilirefushwa. Mazimwi yale yale yaliuawa tena na tena. Mchezaji aliyekufa alipunguziwa alama za uzoefu, tena ilimpasa arudi mikono mitupu kuitafuta maiti yake ili apate silaha zake. Watu walinung'unika, lakini idadi ya walipaji ilipita 400,000. Walistahimili kwa kuwa mzigo ulikuwa mmoja kwa wote, na aliyefika juu alijulikana kuwa amefika kwa jasho lake.

Watungaji wa World of Warcraft, uliotoka mwaka 2004, walipata funzo jingine. Katika siku za majaribio, mtu aliyecheza kwa muda mrefu alipunguziwa mapato ya uzoefu kwa nusu, nao wachezaji walikasirika. Watungaji waligeuza hesabu: kile kilichokuwa nusu kikaitwa kawaida, na kile kilichokuwa kawaida kikaitwa thawabu maradufu ya aliyepumzika. Mwendo ulibaki karibu ule ule, na manung'uniko yakatulia. Hapo ilidhihirika kwamba mchezaji hapimi uzito wa mzigo peke yake. Hupima pia nia ya aliyemtwisha.

Nia hiyo ilitiliwa shaka mwaka 2012, ulipotoka Diablo III. Ndani yake mlikuwa na soko la mnada, ambamo silaha za mchezo ziliuzwa hata kwa fedha halisi. Aliyepigana usiku kucha bila kupata upanga mwema aliukuta sokoni ukimngoja mwenye fedha. Vita vikawa upuzi. Waliouunda walikiri kwamba soko liliharibu kiini cha mchezo, wakalifunga tarehe 18 Machi 2014.

Onyo hilo halikuwafikia wote. Mwezi wa Novemba 2017, kabla ya kutoka Star Wars Battlefront II, wachezaji walikuta kwamba shujaa kama Darth Vader hupatikana kwa sarafu za mchezo 60,000. Mmoja wao alikisia kuwa hiyo ni kazi ya saa 40, ilhali visanduku vya bahati vilivyoharakisha safari viliuzwa kwa fedha. Kampuni ya Electronic Arts ilijibu kwamba kusudi ni kumpa mchezaji fahari ya kufaulu. Jibu hilo lilipata kura za kulikataa zaidi ya 600,000. Bei ilishushwa hadi 15,000, na uuzaji ukasimamishwa siku moja kabla ya mchezo kutoka rasmi. Mwaka 2018 serikali ya Ubelgiji ilihesabu visanduku vya namna hiyo kuwa kamari.

Basi ni dhahiri kwamba jasho peke yake halikumfukuza mchezaji. Alilivumilia maadamu liliishia katika sifa isiyonunulika. Lakini mtu achimbaye shimo njiani, kisha akauza ngazi ya kutokea, hawezi kudai kwamba anawafunza wasafiri ustahimilivu.