Spika ya kati

Spika ya kati ni spika inayowekwa katikati, juu au chini ya televisheni, katika mfumo wa sauti wa sinema ya nyumbani. Kazi yake kuu ni kutoa maneno ya waigizaji.

Muundo

Mfumo wa 5.1 una spika tano na sabufa moja. Katika filamu za mfumo huo, sehemu kubwa ya mazungumzo hupitia spika ya kati. Seti ya 2.1, ambayo nchini Tanzania huitwa yote "sabufa", haina spika hiyo. Maneno hutoka pande mbili, na anayeketi pembeni huyasikia yakitoka upande mmoja.

Usikivu wa maneno

Konsonanti kama s, f na t ni hafifu kuliko irabu, na nyingi huwa juu ya Hz 2,000. Ndizo zinazotofautisha "saa" na "taa". Sabufa hutoa besi, kwa kawaida chini ya Hz 120. Kuiongeza hakufanyi maneno yaeleweke, bali huweza kuyafunika. Katika maeneo ya mvua nyingi kama Matwebe, wilayani Rungwe, kelele ya mvua kwenye paa la bati nayo hufunika konsonanti. Dari hupunguza kelele hiyo.

Kuchagua

Spika hujaribiwa kwa taarifa ya habari, sauti ikiwa ndogo, si kwa muziki. Inafaa ilingane na spika za mbele, ielekee masikio ya watazamaji, na isifichwe ndani ya kabati.