Antigraviti: Neno la kitu kisichopata kuonekana

Neno antigraviti lina sehemu mbili: 'anti', kiambishi cha asili ya Kigiriki chenye maana ya kupinga, na 'graviti', lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya uzito. Kwa maana yake halisi, ni nguvu ambayo ingeuondoa au kuugeuza mvutano wenyewe, hata kitu kikose uzito ama kisukumwe mbali na dunia.

Maana hiyo haina budi kutofautishwa na kushindana na uzito. Ndege hupaa kwa kuwa hewa husukuma mabawa yake kwenda juu. Mwaka 1997 watafiti, akiwamo Andre Geim, walimfanya chura hai aelee hewani huko Nijmegen, Uholanzi, lakini kilichomwinua ni sumaku yenye nguvu kubwa. Katika hali zote mbili mvutano haukupungua hata chembe; ulipata mpinzani tu.

Wanaanga nao hudhaniwa wameuepuka mvutano. Kimo cha kilomita 400 hivi, kinapozunguka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa ardhini. Huelea kwa sababu wao na chombo chao huanguka pamoja bila kukoma.

Katika fasihi, H.G. Wells alibuni dutu yenye kuukinga mvutano katika riwaya yake ya mwaka 1901 kuhusu safari ya mwezini. Mwaka 1948 mfanyabiashara Roger Babson wa Marekani alianzisha taasisi iliyonuia kuitafuta kinga ya namna hiyo. Haikupatikana.

Ugumu wenyewe uko wazi. Umeme una chaji chanya na hasi, hivyo huweza kuvuta au kusukuma. Maada yote iliyowahi kupimwa huvutana tu. Hata antimaada, iliyodhaniwa na baadhi ya watu kwamba huenda ikaanguka kwenda juu, haikuwa tofauti: mwaka 2023 watafiti wa jaribio la ALPHA katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, walitangaza kuwa atomu za antihaidrojeni huvutwa chini.

Basi msomaji akielezwa habari za mtambo wa antigraviti, hasa akitakiwa kuuchangia fedha, na aulize kwanza: je, mvutano umeondolewa, au ipo nguvu nyingine inayoshindana nao? Hadi leo, kila kilichothibitishwa kimekuwa hicho cha pili.