Kupandisha dau ili kurudisha hasara

Martingale ni mtindo wa kamari uliovuma Ufaransa katika karne ya 18. Mchezaji akiliwa huweka dau maradufu, akitegemea kwamba ushindi mmoja utarudisha pesa zote zilizokwenda pamoja na faida ya dau la kwanza. Giacomo Casanova aliutumia katika jumba la Ridotto, Venice, miaka ya 1750. Ulimlipa kwa muda, kisha ukamaliza dhahabu ya mpenzi wake.

Hesabu yake ni katili. Dau la shilingi 100 likiliwa mara 10 mfululizo, zimeshakwenda shilingi 102,300, na dau la 11 linadai 102,400 nyingine, zote kuwania faida ya shilingi 100 tu. Mikosi ya namna hiyo hutokea kweli: tarehe 18 Agosti 1913, Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na waliong'ang'ania nyekundu wakaliwa vibaya.

Leo mtindo huohuo umehamia kwenye mikeka ya kandanda. Kampuni za kamari hupunja odi na kuweka kikomo cha dau, na mtaji wa mchezaji huisha mapema zaidi. Hakuna mpangilio wa madau unaoweza kuugeuza mchezo wa hasara kuwa wa faida.