Kimalizio: istilahi ya programu za Go

Watunzi wa programu za kompyuta zinazocheza Go wana neno lisilokauka vinywani mwao: "playout". Napendekeza kwa Kiswahili tuliite kimalizio, wingi vimalizio, na sababu zangu zimo ndani ya mchezo wenyewe.

Go huchezwa kwa kete nyeusi na nyeupe kwenye ubao wa mistari 19 kwa 19, yaani makutano 361. Wawili hupokezana kuweka kete, na mwishoni mwenye eneo kubwa ndiye mshindi. Katika sataranji, programu huweza kukadiria nani yuko mbele kwa kuhesabu kete zilizobaki na thamani zake. Katika Go kete zote ni sawa, na kundi linaloonekana hai laweza kuwa limekwisha kufa, yaani haliwezi tena kuokolewa lisitekwe, kwa sababu ya kete iliyo mbali. Ing Chang-ki wa Taiwan alitenga zawadi kubwa kwa programu itakayowashinda wachezaji stadi. Muda wake ukaisha mwaka 2000 bila kupata mwenyewe.

Njia iliyokuja kufaulu inashangaza kwa wepesi wake. Mwaka 1993 Bernd Brügmann alionyesha kwamba programu inaweza kuacha kukadiria katikati, ikaumaliza tu mchezo: kuanzia hali iliyopo, iweke kete za pande zote mbili kwa kubahatisha mpaka mwisho, kisha ihesabu nani ameshinda. Sharti ni moja, upande wowote usijaze jicho lake wenyewe, yaani nafasi tupu iliyozungukwa na kete zake, kwani bila hilo mchezo haumaliziki. Mchezo mmoja wa namna hiyo ndio "playout", na peke yake hauna maana yoyote. Maelfu yake yanayo. Rémi Coulom aliliunganisha wazo hilo na mti wa hatua, yaani matawi ya hatua zinazowezekana na majibu yake, katika programu yake Crazy Stone, ikatwaa dhahabu ya ubao wa 9 kwa 9 kwenye Olimpiadi ya Kompyuta mjini Turin, 2006.

Ndiyo maana kuliita neno hilo "uigaji" hakutoshi. Uigaji waweza kukomea popote, ilhali hapa nguvu yote imo katika kufika mwisho: ni mwisho tu ambao mashine isiyojua lolote huweza kuuhesabu bila kukosea. Isitoshe, watunzi wa programu huvihesabu, na "vimalizio 10,000 kwa kila hatua" hutamkika bila taabu. Hatua zikiwa za kubahatisha tupu, tuseme kimalizio nasibu, kama wanatakwimu wasemavyo sampuli nasibu. Zikiongozwa na ruwaza za kete, kama katika programu ya MoGo ya Sylvain Gelly na wenzake, tuseme kimalizio elekezi.

Hicho elekezi ndicho kinachowatesa wanaopima nguvu za programu. Mwaka 2007 Gelly na David Silver walikuta kwamba kutia mchezaji hodari zaidi ndani ya vimalizio kunaweza kuidhoofisha programu nzima. Basi hakuna kuamini hisia. Toleo jipya lazima lipambanishwe na la zamani. Likishinda michezo 210 kati ya 400, hujathibitisha kitu, maana bahati peke yake huyumbisha matokeo ya idadi hiyo kwa michezo 10 hivi, juu au chini. Likifikisha 220, unaweza kuanza kufurahi. Na taarifa iseme wazi kama pande mbili zilipewa vimalizio sawa au muda sawa, kwa kuwa vimalizio elekezi ni vizito. Mashindanoni hupimwa muda, na naona ndiyo haki.

Programu ya AlphaGo iliyomshinda bingwa Lee Sedol 4–1 Machi 2016 bado ilitumia vimalizio, ikivichanganya na makadirio ya mtandao wa neva. AlphaGo Zero, mwaka 2017, iliviacha kabisa. Lakini neno la Kiingereza halikuondoka: katika mipangilio ya programu ya KataGo linahesabu safari za programu ndani ya mti wa hatua, ingawa hakuna mchezo unaofikishwa mwisho. Hapo kimalizio hakifai. Anayetafsiri mipangilio hiyo aandike pitio, wingi mapitio, na kimalizio akiache kwa programu zinazomaliza mchezo kweli.