Chango, Karafuu na Meno ya Usiku: Habari za Maradhi Moja Katika Unguja

Mtoto wa Unguja aliyesikika usiku wa manane akisaga meno hakuhitaji tabibu wa kuyataja maradhi yake, kwani bibi aliyelala chumba cha pili alikuwa amekwisha kutoa hukumu kabla hajafumbua macho sawasawa: ana chango, yaani minyoo ya tumboni. Hukumu ilikuwa hiyo hiyo Shangani na Malindi kama ilivyokuwa Makunduchi na Nungwi, na kulipokucha mbegu za papai zilipondwa, ama mtoto alibanwa pua akatiwa kijiko cha mafuta ya nyonyo, na shauri likaishia hapo. Nimekusudia kueleza asili ya hukumu hiyo, kwa kuwa haikuwa ujinga mtupu kama wasomi wa zama zetu wapendavyo kudhani, ingawa haikuwa kweli vile vile.

Ibn Sina, hakimu wa Bukhara aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika Qanun yake, kitabu kilichosomeshwa Uarabuni, Bara Hindi na hata Ulaya kwa karne nyingi, kwamba mlio wa meno usingizini hutokana na udhaifu wa misuli ya mataya, ambayo hukazwa na kitu mfano wa mshituko. Kwamba huwapata sana watoto na huwaacha wakishabaleghe. Na kwamba ukizidi huweza kuwa ishara ya kiharusi, ya kifafa, au ya minyoo tumboni. Dawa aliyoagiza ni kukisafisha kichwa na kuipaka shingo mafuta ya moto yenye harufu nzuri. Tazama basi: minyoo kwake ilikuwa dhana moja miongoni mwa kadhaa, ilhali kwetu ikapanda ikakaa mahali pa kwanza, na misuli ya mataya, ambayo ndiyo aliyoitanguliza yeye, ikasahauliwa kabisa. Elimu ya tiba ilifika pwani hii kwa masharifu wa Hadhramaut, kwa watu wa Oman na kwa mahakimu wa Kihindi wa tiba ya Kiyunani, na kwa hiyo siamini kuwa bibi wa Malindi na hakimu wa Bukhara waliafikiana kwa sadfa tu.

Lakini kwa nini minyoo ikashinda? Kwa sababu ilikuwako, na kila mtu aliiona. Mji wa Unguja wa karne ya 19, pamoja na majumba yake ya mawe na milango yake ya nakshi, ulikuwa mji wa visima vilivyochimbwa karibu na vyoo na wa taka zilizotupwa pwani, na daktari James Christie, aliyekuwako hapa wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, aliyaeleza masaibu yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1876. Katika hali kama hiyo mtoto asiye na chango alikuwa nadra, na mtoto mwenye kusaga meno, akinyweshwa dawa, aghalabu alizitoa chango mchana kweupe mbele ya mashahidi. Ni hujja gani tena ingetakiwa? Baada ya miaka miwili mitatu tabia ile ilimwacha yenyewe, kama alivyokwisha kusema Ibn Sina, na shukrani zote zikaiendea dawa. Ushahidi ulikuwa wa kweli, walakini ulishuhudia jambo jingine.

Palipokuwa na hofu ya pepo mbaya, ama usingizi wa mtoto ulipojaa mayowe, liliandikwa kombe. Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuandika kumbukumbu zake Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, ameieleza desturi hiyo: aya za Kurani huandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, wino ule wa manjano ukayeyushwa kwa maji ya waridi, na mgonjwa akayanywa. Mimi silicheki kombe. Mgonjwa aliyelala huku moyo wake umetua amepata sehemu ya tiba ambayo matabibu wa leo huitafuta kwa njia ndefu zaidi, kwani wasiwasi ni katika mambo yanayoyakaza mataya usiku.

Jino lililopasuka kwa kusagwa, hilo lilikuwa na dawa ya shambani kwetu. Karafuu, iliyoenea Unguja kwa amri za mtawala wake, Seyyid Said bin Sultan, na kuangushwa kwa maelfu ya miti na tufani ya 1872, ina ndani yake mafuta yenye eujenoli, kitu kinachotia ganzi na kuua vijidudu. Na matabibu wa meno wa dunia nzima walizoea kuichanganya eujenoli hiyo na unga wa oksidi ya zinki wakaziba mashimo ya meno kwa muda. Mwanamke wa Donge aliyelibana ua la karafuu kati ya magego yake, na daktari wa London aliyekoroga unga wake juu ya kipande cha kioo, walitumia dawa moja, na wote wawili waliyatuliza maumivu bila kuigusa asili yake.

Asili hiyo ilianza kutazamwa upya Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, hasa baada ya Wafaransa Marie na Pietkiewicz kuandika juu yake mwaka 1907. Siku hizi hufahamika kwamba ubongo wa mtu aliyelala huamka kidogo kidogo pasipo yeye kujua, na katika kuamka huko misuli ya mataya hukazana. Kwamba tabia hii hufuata nasaba. Kwamba huzidishwa na wasiwasi, tumbaku, pombe, baadhi ya dawa za sonona, na kahawa, jambo ambalo wazee wa mabaraza ya Sokomuhogo hawatapenda kulisikia. Takribani watu wazima 8 katika kila 100 husema wanayo, na watoto ni wengi zaidi.

Kwetu ithibati kwamba chango si chanzo ilipatikana kwa njia ambayo hakuna aliyeikusudia. Tangu mwaka 1994 watoto wa shule wa Unguja na Pemba wamekuwa wakipewa dawa za minyoo, na kuanzia 2001 dawa za matende, ambazo huua chango pia, ziligawiwa kwa watu wa visiwa vyote viwili. Chango zimepungua sana. Usagaji wa meno haukuondoka. Mtazame kinywani mtu aliyesaga kwa miaka 20: magego yake yamekuwa bapa, ncha zote zimelika, na pale gamba jeupe lilipokwisha pameonekana rangi ya manjano ya ndani. Daktari humtengenezea kifuniko cha plastiki kwa kipimo cha meno yake mwenyewe, akivae alalapo, nacho huyahifadhi meno ingawa hakikomeshi kusaga.

Basi wewe mzazi, mtoto wako akisaga, mpe dawa ya minyoo kwa wakati wake kama wapewavyo wenzake, wala usiirudie kila usikiapo mlio, kwa kuwa wengi huacha wenyewe. Ama mtu mzima anayesaga huku akikoroma na pumzi zikimkatika usingizini, huyo asingoje bibi wala karafuu. Apelekwe kwa daktari, na aliyelala naye afuatane naye, kwani yeye ndiye aliyesikia.