Mficha uchi hazai: Achebe, Ngũgĩ na usomaji wa miswada

WAANDISHI chipukizi wanaponiletea miswada yao, wengi husema: “Prof, nipitishie macho kidogo tu, halafu unielekeze kwa mchapishaji.” Ombi hilo halina ubaya. Tatizo ni kwamba anayeomba huwa keshaamua kuwa kazi yake imekamilika. Hatafuti maoni, anatafuta baraka. Historia ya fasihi ya Kiafrika inatufunza vingine.

Mnamo 1956, Chinua Achebe, aliyekuwa mtangazaji nchini Nigeria, alikwenda London kwa mafunzo katika shirika la BBC. Alibeba mswada wa riwaya yake ya kwanza, akamwonyesha Gilbert Phelps, mmoja wa wakufunzi wake na mwandishi wa riwaya pia. Phelps aliupenda mno, akataka kuufikisha kwa mchapishaji. Hebu fikiria, ni chipukizi gani wa leo angekataa bahati hiyo? Achebe alikataa. Alihisi kwamba mswada bado ulihitaji kufanyiwa kazi.

Kazi gani? Mswada huo ulikuwa na sehemu tatu zilizosimulia vizazi tofauti vya ukoo mmoja. Aliporudi nyumbani, Achebe aliziondoa sehemu mbili, akabakia na kisa cha Okonkwo peke yake. Hicho ndicho kilichochapishwa 1958 kwa jina Things Fall Apart, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama Shujaa Okonkwo, tafsiri yake Clement Ndulute. Masimulizi kumhusu Obi, mjukuu wa Okonkwo, yalichapishwa 1960 yakiwa riwaya nyingine, No Longer at Ease. Kumbe kukata si kutupa!

Miaka sita baada ya safari hiyo ya London, aliyeomba kusomewa naye akaombwa. Juni 1962, waandishi wa Kiafrika walikutana katika Chuo cha Makerere, Uganda. Mwanafunzi mmoja wa hapo, James Ngugi, ambaye baadaye tulimjua kama Ngũgĩ wa Thiong’o, alimpa Achebe mswada wa Weep Not, Child. Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ anakumbuka kuwa Achebe hangeweza kuumaliza mswada wote, lakini alisoma kiasi cha kumpa mapendekezo ya manufaa. Kupitia kwa Achebe, mswada huo ulifika Heinemann na riwaya ikatoka 1964.

Yapo mafunzo hapa kwa pande zote mbili. Anayeomba maoni aombe mapema, kazi ingali rasimu, na aseme anachotaka kujua: Je, mwanzo unavuta? Mhusika huyu anaaminika? Naye anayesoma asikwepe kwa kisingizio kwamba hana muda wa kumaliza kurasa mia mbili. Kurasa ishirini zilizosomwa kwa makini zinatosha kuanzia. Ila aonyeshe mahali penyewe. “Inapendeza” na “haifai” si maoni, kwa sababu hayamwambii mwandishi arudi wapi. Na uamuzi uachiwe mwenye kazi: Phelps alisifu, lakini mkasi ulibaki mkononi mwa Achebe.

Wala tusidhani kuwa haya ni mambo ya kuletewa na BBC. Watunzi wengi wa tenzi za kale katika mwambao wetu walifunga utungo kwa kuwaomba wasomaji wayasahihishe makosa, waongeze palipopungua na wapunguze palipozidi. Mtunzi stadi hakuona aibu kuomba hivyo. Tena enzi hizo tenzi zilinakiliwa kwa mkono, kwa hivyo mnakili aliweza kweli kulirekebisha kosa aliloliona.

Kitabu cha leo hakina nafasi hiyo. Kikishapigwa chapa na kuingia madarasani, kosa lililomo husomwa na maelfu ya wanafunzi, na wengine hulikariri kama Kiswahili sanifu. Msomaji wa rasimu ndiye anayeweza kulizuia kabla halijafika huko. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwandishi asiyethubutu kuonyesha rasimu yake kwa jicho kali la mwenzake ataonyesha kasoro zake kwa taifa zima.