Soba hausi Unguja: Kwa nini swali la mgeni hujibiwa kila siku

“Arosto itaisha lini?” Kwenye mikutano ya watu wanaoacha unga, swali hili haliishi. Aliyeingia leo ataliuliza, na wa wiki ijayo naye ataliuliza. Mwenye miaka mitano bila kutumia keshalisikia mara zisizo na idadi, na bado analijibu. Hapa tunaeleza mikutano hiyo inavyoendeshwa, nani anajibu nini, na jibu gani mgeni lazima alipate hata asipouliza.

Soba hausi ni nini?

Ni nyumba ambamo watu wanaoacha dawa za kulevya au pombe hukaa pamoja kwa miezi kadhaa. Wasimamizi wengi ni watu waliowahi kutumia wenyewe. Serikali huziita nyumba za upataji nafuu.

Unguja nyumba hizi zilianza mwaka 2009. Miongoni mwa waanzilishi ni Suleiman Mauly, ambaye amesimulia hadharani kwamba naye aliwahi kuwa mtumiaji wa heroini.

Utaratibu unaofuatwa sana ni wa Hatua 12. Chimbuko lake ni Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaoacha pombe kilichoanza Marekani mwaka 1935. Narcotics Anonymous, au NA, ilianza California mwaka 1953 ikazifanyia hatua hizo marekebisho ili ziwafae watumiaji wa dawa za kulevya.

Maswali ni yale yale

- Arosto itaisha lini?
- Nitapata usingizi lini?
- Nikionja mara moja tu, kuna ubaya gani?
- Nyumbani watanipokea?
- Nimeshaacha mara tatu nikarudi. Safari hii kuna tofauti gani?

Anayeuliza kwa mara ya nne si kwamba ni mkaidi. Siku za mwanzo mwili unauma, usingizi hakuna, na kichwa hakishiki maneno. Isitoshe, nyuma ya swali huwa kuna swali jingine. Anayeuliza “nitapata usingizi lini” pengine anapima abaki au atoroke usiku huu huu. Ukimwambia “si tulishakujibu jana?”, yeye anaweza kusikia “ondoka”.

Mkutano wenyewe ni jibu

NA haikumwachia mtu mmoja mzigo wa kujibu. Kila mkutano, kabla ya watu kuzungumza, husomwa maandishi mafupi yanayoeleza mraibu ni nani, mpango ni upi na unafanyaje kazi. Wenyeji wameshayakariri. Yanasomwa tena kwa sababu huenda leo yupo anayeyasikia kwa mara ya kwanza.

Mgeni hupewa kishikio cheupe cha funguo. Siku 30 ni cha rangi ya chungwa, siku 60 kijani, siku 90 chekundu. Hivyo anayejiuliza kama inawezekana anaona kwa macho watu wanaoitwa mbele kupokea vyao.

Halafu kuna mlezi, yaani mtu mwenye siku nyingi ambaye mgeni humchagua awe wa kumuuliza. Swali refu linahamia kwake baada ya mkutano, na mkutano hauchoki.

Kazi ya anayeongoza

- Mmoja azungumze kwa zamu. Hakatizwi wala hajadiliwi. Anayefuata anasimulia yake: “mimi nilifanya hivi”, badala ya “wewe fanya hivi”.
- Muda ulindwe. Mwenye maneno mengi akiachiwa, mgeni mwenye haya ataondoka hajafungua mdomo.
- Sifa za unga zikatwe. Bei ya kete, nani anauza, maskani gani: mazungumzo hayo yanaamsha hamu kwa waliomo.
- Siasa ibaki barazani. NA kama chama haitoi msimamo kwa mambo ya nje. Kwa Zanzibar hili si dogo, maana ubishi wa vyama unaweza kuvunja kikundi mara moja.
- Siri itunzwe. Mji Mkongwe watu wanajuana, kuanzia Malindi mpaka Shangani. Jina likitoka mkutanoni asubuhi, laweza kufika kwa mama yake mtu kabla ya magharibi.

Anayeongoza hahitaji kuwa mkali. Neno kama “ndugu yangu, hilo tulizungumze tukimaliza” linatosha mara nyingi.

Maswali ya kupeleka kwa daktari

Uzoefu una mpaka wake. Kwa heroini, arosto kwa kawaida huanza masaa 8 hadi 24 baada ya kutumia mara ya mwisho, na hudumu siku 4 hadi 10. Usingizi unaweza kuchelewa zaidi kurudi. Hayo mwenzako anaweza kukwambia.

Lakini mlevi wa kila siku anayeacha pombe ghafla anaweza kupata degedege, na huyo ni wa hospitali. Methadoni pia ni suala la kliniki. Kwa Unguja, huduma hiyo ilianza mwaka 2015 katika Hospitali ya Kidongo Chekundu, baada ya Muhimbili kuanza mwaka 2011. Dozi hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mwenzako wa kikundini hana mamlaka ya kukuambia uiache, hata kama yeye aliacha unga bila dawa.

Jibu lisilosubiri swali

“Nikionja mara moja tu?” huulizwa kwa utani, lakini jibu lake ndilo zito kuliko yote.

Mtu akikaa wiki kadhaa bila heroini, mwili unapoteza uzoefu wa kuistahimili. Kiasi alichokuwa akitumia zamani bila taabu sasa kinaweza kumzuia kupumua. Ndiyo maana hatari ni kubwa hasa kwa anayetoka soba hausi au jela. Mgeni aambiwe siku anayoingia, arudiwe siku anayoaga, na familia yake nayo ijue.

Dalili: haamki hata akitikiswa, anapumua polepole au kwa kukoroma, midomo inageuka rangi kuwa ya samawati au kijivu. Mlaze kwa ubavu, usimwache peke yake, mkimbizeni hospitali. Usingoje “alale imtoke”.

Akirudi tena

Aliyeteleza akirejea mkutanoni, hupewa kishikio kile kile cheupe na kukaribishwa kama mgeni. Haulizwi kwa nini hakusikia mwanzo.

Nyumbani pia inafaa iwe hivyo. Mwanao akikuuliza kwa mara ya tano kama umemsamehe, jua kwamba bado anatafuta njia ya kubaki. Kuweka masharti ni haki yako: pesa mkononi hapana, vitu vya ndani havitoki. Ila swali lenyewe mjibu. Kwa mtu anayeacha unga, siku ya kuhofia ni ile atakayoacha kuuliza.